Kodi Iliyolipwa kwa Viazi

Katika chama chetu cha akiba na mikopo cha walimu, pale Nyeri, kulikuwa na sharti moja lililonichukiza kuliko yote. Mwalimu akitaka mkopo mkubwa, wadhamini na karatasi ya mshahara havikutosha. Ilibidi arudi kwa kila mtu aliyewahi kumpangisha nyumba, apewe barua ya kusema kwamba hadaiwi. Walimu tulihamishwa ovyo, leo Othaya, kesho Timau, na baadhi yetu walihama alfajiri na magodoro kichwani, kodi ikibaki nyuma. Wenye nyumba walilalamika mpaka kamati ya mikopo ikaona itukomeshe sote pamoja, waliokimbia na wasiokimbia. Kwa hiyo ukitaka kukopa dhidi ya pesa zako mwenyewe, unaanza kwa kuzunguka ukiomba vyeti vya tabia njema kama mtoto wa darasa la nane.

Mimi nilitaka kununua robo ekari kule Timau. Nilikuwa nikifundisha huko, na mzee mmoja mwenye shamba la ngano alikuwa ameanza kulikata vipande na kuviuza. Kipande nilichokitaka kilikuwa pembeni, upepo wa mlimani ukikipiga mchana kutwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyekitamani ila mimi. Halafu wafanyakazi wa mashamba ya maua wakaanza kukizungukazunguka. Mzee akaniambia waziwazi kwamba angenisubiri mpaka shule zifungwe. Zaidi ya hapo nisimlaumu.

Mtu asidhani nilikuwa na tamaa ya ardhi. Kwetu ni Endarasha, na baba alipofariki kaka zangu waligawana shamba mpaka ukingoni mwa mto. Nilipouliza sehemu yangu, kaka mkubwa alicheka kwa upole, akaniambia, "Wewe utaolewa tu." Nilikuwa nimeanza kuota mvi, nina binti anayesoma, na hakuna mwanamume aliyekuwa akipiga hodi. Kila Krismasi nilipokwenda nyumbani, wake za kaka zangu walinikaribisha chai huku wakiuliza ninaondoka lini. Ile robo ekari ndiyo ingekuwa kwetu, mimi na binti yangu. Nikiikosa, sikuwa na pengine pa kupaita hivyo.

Barua mbili nilizipata bila taabu. Ya tatu ilikuwa ya King'ong'o, kwenye ploti niliyopanga chumba changu cha kwanza nilipoajiriwa. Mzee mwenye ploti alikuwa ameshafariki, na mwanawe ndiye aliyeshika kila kitu. Mtoto huyo alikuwa na duka la vipuri mjini, na alipenda kuongea Kiswahili cha biashara hata na sisi tuliozaliwa naye mteremko mmoja. Nilimkuta nyuma ya kaunta, akanisikiliza, akaingia ndani, akarudi na vitabu vya risiti vya baba yake.

"Mwalimu," akasema, "hii deni yako iko. Karibu mwaka mzima hakuna risiti yako hata moja."

"Sikuwa na deni," nikamwambia. "Mama yangu alilipa."

"Alilipa na nini?"

"Viazi."

Akanitazama jinsi mwalimu anavyomtazama mtoto aliyesema mbuzi amekula daftari. "Viazi. Haya. Dawa ya deni ni kulipa, mwalimu. Ukileta pesa nakupatia barua leo leo."

Sikuwa na pesa hizo, na hata ningekuwa nazo nisingempa. Nilishalipa, au mama alishalipa, na kulipa mara mbili ni ujinga ambao sikulelewa nao. Lakini nieleze jinsi ilivyokuwa, kwa sababu kwa mtu wa nje inaonekana hadithi ya kubuni.

Mwalimu mpya miaka ile alifundisha miezi na miezi kabla ya mshahara wa kwanza kuingia. Uliambiwa faili yako imekwama Nairobi, ukabaki kula kwa mkopo na kuvaa sketi ile ile. Mzee mwenye ploti alikuwa mkali na angenifungia chumba kwa kufuli. Basi mama akashuka kutoka Endarasha, akamwendea mke wa mzee, wakaongea jikoni mlango ukiwa umefungwa. Alipotoka akaniambia nisiwe na wasiwasi, atakuwa akileta chakula badala ya kodi. Na kweli, kila siku ya soko alikuja na kiondo, kile kikapu chetu cha kusuka, mgongoni, kimejaa viazi, mara nyingine kabichi na njegere juu yake. Viliingia jikoni kwa yule mke wa mzee, naye mzee akavila jioni bila kuuliza vimetoka wapi. Mzee aliandika pesa tu. Viazi havikuandikwa mahali popote.

Sasa kuna jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Mwanamke akikuletea kitu ndani ya kiondo, humrudishii kiondo kitupu. Unatia chochote ulicho nacho, hata kama ni chumvi kidogo au ndizi moja, kwa sababu kiondo kitupu ni njia ya kumwambia mtu asirudi. Lakini hiyo ni kwa mgeni. Anayekuuzia au anayekulipa, unamwaga vitu vyake, unakikung'uta kiondo, unamrudishia, kila mtu anakwenda zake.

Yule mama wa King'ong'o hakuwahi kurudisha kiondo cha mama yangu kikiwa kitupu. Alitia sukari iliyofungwa kwenye gazeti, au majani ya chai ya kwao Kianyaga, ambayo hayakuwa na mfano. Nakumbuka harufu yake chumbani kwangu mama alipopita kuniaga.

Na mimi, kwa akili zangu zote za chuo cha ualimu, nikamwambia mwenye duka hilo jambo. Nilidhani ningemlainisha kwa kumsifia mama yake. "Mama yako ni mtu mwema," nikasema, "hakuwahi kumrudisha mama yangu mikono mitupu. Kila mara sukari, kila mara majani ya chai."

Akafunga kitabu cha risiti. Hata hakuficha furaha yake.

"Umeskia vile umesema?" akaniuliza. "Sukari! Ati kodi, na alikuwa anawekewa sukari! Hiyo si kodi, mwalimu. Mama yako alikuwa anatembelea mama yangu. Hiyo ni mambo ya wamama. Kodi yangu iko pale pale."

Nilitoka dukani kwa hasira, na zaidi ya nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu ya mdomo wangu. Wiki hiyo hiyo alimwandikia mwenyekiti wa kamati kwamba nina deni la zamani na nimekataa kulilipa. Mmoja wa wadhamini wangu, mwalimu niliyemfichia aibu mara nyingi alipokuwa akilewa, akaja kuniomba kwa heshima nimtafute mtu mwingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wangu ulikuwa umeanza kuonekana mzito. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu aliyekuwa na huruma ya kadiri, akaniambia niende mbele ya kamati Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufungwa. "Lakini lete mtu aliyekuwa anajua," akasema. "Sisi hatuwezi kuamua mambo ya kiondo kwa kukisia."

Waliokuwa wanajua walikuwa wawili tu.

Nikapanda Endarasha. Mama nilimkuta shambani, akichimbua viazi kwa mikono ili jembe lisivikate. Hakuwa na Kiswahili ila cha sokoni, kwa hiyo haya yote tuliyaongea kwa lugha yetu. Nilimwambia habari ya deni, ya barua na ya kamati, naye akaendelea kuchimbua. Nilipofika pale nilipotaka aje aseme mbele ya watu kwamba viazi vile vilikuwa kodi, akasimama.

"Hilo siwezi," akasema.

"Kwani haikuwa kodi?"

"Siku ya kwanza ilikuwa kodi. Nilimwambia kwa kinywa changu kwamba mtoto wangu hana mshahara, nitaleta chakula. Akasema lete. Nilirudi hapa nimeinama kwa aibu. Mara ya pili nilipokwenda akanikalisha, akanipa chai, na nilipofika nyumbani nikafungua kiondo nikakuta sukari. Nikajua hanihesabu kama mtu wa kumlipa. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja kodi kati yetu. Sasa unataka nikaseme nilikuwa nikipeleka deni?"

Nilimwelewa, na kumwelewa huko kukanikasirisha zaidi. Mama yangu alikuwa mtu wa shamba na kanisa, asiye na pa kwenda. Mume wake alimnyamazia miaka mingi, wanawe wakamnyamazia baadaye. Huyo mama wa King'ong'o ndiye mtu pekee niliyewahi kumsikia mama akimtaja kwa kucheka. Mzee wake alipofariki na mwana akachukua ploti, yule mama alihamia Kianyaga kwa binti yake, na mama bado alikuwa akimwendea kila alipopata nauli. Nilijua hayo yote. Lakini nilijua pia kwamba mzee wa Timau hahesabu urafiki wa mtu, anahesabu noti.

"Basi niambie nikaishi wapi," nikamwambia mama. "Niambie ni kona gani ya shamba hili wanao wameniachia mimi na mtoto wangu. Nionyeshe kwa kidole."

Hakunionyesha. Aliangalia chini, kisha akatazama nyumba za kaka zangu, zote mbili, zenye mabati mapya. Asubuhi iliyofuata alikuwa amefunga kile kitambaa chake kizuri cha kichwani, na kiondo kilikuwa kimejaa viazi.

Nilimuuliza viazi ni vya nini. Akaniuliza mimi ni nani wa kumfundisha jinsi ya kuingia katika nyumba ya mtu.

Tulipitia Karatina, tukabadilisha gari Kutus, tukafika Kianyaga jua likiwa limekolea. Nyumba ya binti yake ilikuwa chini ya barabara, kahawa mbele, chai nyuma. Yule mama alituona kutoka mbali. Alikuwa amezeeka na kukonda, lakini alikuja akikimbia kwa namna ya wazee, mikono imetangulia, akamkumbatia mama na kiondo chake. Mimi akaniita mwalimu wake. Akaniuliza mtoto anasoma darasa la ngapi, akamwaga viazi kwenye beseni akivisifu kimoja kimoja, akachemsha nduma, akatutilia chai nyingi mno. Walicheka juu ya mtu fulani wa King'ong'o aliyekuwa akitembea na kuku wake kwapani. Sikuwa nimemsikia mama akicheka hivyo kwa muda mrefu, na kila walivyocheka ndivyo nilivyozidi kujisikia kama mwizi anayesubiri watu walale.

Mwishowe niliyasema yote, haraka, kama mtu anayebandua plasta. Mwanawe, risiti, sukari, kamati, shamba. Mama aliangalia kikombe chake wakati wote.

Yule mama hakunigeukia mimi, akamgeukia mama.

"Ulikuwa ukinilipa?"

Mama akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto hana pa kukaa."

"Nimekuuliza kama ulikuwa ukinilipa."

Mama akakiweka kikombe chini. Nilitaka kuingilia, nieleze kwamba jambo linaweza kuwa mambo mawili kwa pamoja, kwamba mtu anaweza kulipa na bado akawa anatembelea. Nafundisha watoto kwa kazi, najua kueleza vitu. Lakini wale wawili hawakuwa wakinihitaji. Yule mama aliinuka, akakusanya vikombe.

"Nitakuja," akasema akiwa ametugeuzia mgongo. "Nitasema. Mtoto wa mtu hawezi kukosa pa kulala kwa sababu ya sukari yangu."

Nikamshukuru mara nyingi kupita kiasi. Tulipoaga, alikichukua kiondo pale kilipokuwa, akakikung'uta mlangoni mpaka vumbi lote la viazi likatoka, akampa mama. Mama akakitia begani. Hakukitazama ndani, kwa sababu uzito wake alishausikia. Njia nzima ya kurudi, kila nilipomtazama alikuwa ameugeuza uso upande wa dirisha.

Jumamosi ile kamati ilikaa katika darasa tulilolikopa, wanaume watatu kwenye madawati ya watoto, magoti yamewapanda mpaka kifuani. Ningecheka kama si hali yangu. Mwenye duka alikuwepo na vitabu vyake vya risiti na koti la suti. Alipomwona mama yake akiingia akashtuka, akasimama, akataka kumshika mkono. Mama yake alimpita, akakaa kwenye benchi nyuma. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye benchi hilo hilo, na katikati yao pangetosha mtu wa tatu.

Mwenyekiti alisoma malalamiko, kisha akamgeukia yule mama kwa heshima.

"Mama, hatutaki kukusumbua. Swali ni moja tu. Vile viazi mama ya mwalimu alikuwa anakuletea, vilikuwa vya kodi ama vya kukusalimia?"

"Vya kodi," akasema.

"Una hakika?"

"Tulikubaliana jikoni kwangu. Mzee hakuambiwa kwa sababu angekataa. Viazi vilitosha kodi."

Mwanawe akasimama. "Na sukari je? Mama, nilikuwa naona kwa macho yangu. Kila saa unamwekea sukari, unamwekea majani. Mpangaji anawekewa sukari? Waambie hiyo ilikuwa ya nini."

Wale wanaume watatu wakainua vichwa. Hilo ndilo lililokuwa limewatatiza tangu mwanzo, maana kila mmoja wao alikuwa na mama, na kila mmoja alikuwa amewahi kutumwa kurudisha kiondo cha mtu. Nikaona mkopo wangu ukiondoka, na robo ekari, na mlango ambao nilikuwa nimeshauchagulia rangi.

Yule mama alimtazama mwanawe kwa mara ya kwanza.

"Viazi vilikuwa vinazidi kodi," akasema. "Ile sukari ilikuwa chenji yake."

Mwenyekiti akaguna, akacheka kidogo, wengine nao wakacheka, kicheko cha watu waliopata njia ya kumaliza kikao. Chenji. Hilo waliliweza. Mwenye duka akakusanya vitabu vyake. Jina langu lilisafishwa pale pale, na mwenyekiti akaandika mwenyewe ile barua iliyokosekana na kumpa mwenye duka atie sahihi. Akaitia akikwaruza karatasi.

Nilifurahi. Sitadanganya, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na kwa muda huo sikumwangalia mtu mwingine. Nilipogeuka kumtafuta mama nilimkuta bado amekaa, mikono juu ya mapaja, viganja vikiangalia juu, kama vya mtu aliyepokonywa kitu alichokuwa amekishika. Alijua kama ninavyojua mimi kwamba sukari ile haikuwa chenji. Mwenzake alikuwa amesema uongo mbele ya mwanawe mwenyewe ili kutuokoa, na uongo ule ulikuwa umepita nyuma kwenye miaka yote ile, kikombe kwa kikombe, ukiondoa kila kitu walichopeana. Sasa palikuwa na mwanamke aliyeleta viazi na mwanamke aliyerudisha baki. Nje waliagana kwa mkono. Yule mama akamtakia mama safari njema, mama naye akamtakia hivyo hivyo, na kila mmoja akaelekea gari lake.

Nilinunua kipande kile. Nilijenga vyumba viwili vya mbao, kisha kimoja cha mawe, na binti yangu akawa na mahali pa kuandika kwenye fomu za shule palipoulizwa anakotoka. Mtu akiniuliza kama ningefanya tena vile nilivyofanya, ninamjibu kwamba ningefanya, na ninamjibu kwa ukali, kwa sababu wanaoniuliza ni wale waliozaliwa na shamba. Lakini kuna usiku nimelala kwenye nyumba hiyo, upepo wa mlimani ukigonga mabati, nikakosa usingizi kabisa.

Mama alianza kuja kukaa nami shule zikifungwa. Mara moja, wakati wa viazi vipya, nilimwona amechagua vile vikubwa visivyo na kovu na kuviweka kando, jinsi alivyokuwa akifanya zamani. Nikamwambia kesho tuamke mapema, nitalipa nauli, twende Kianyaga tukamsalimie yule mama.

Akavirudisha viazi vile kwenye gunia pamoja na vingine.

"Twende kufanya nini?" akaniuliza. "Kwani anatudai kitu?"